Askofu Mrusi Mjini Tokyo, 1904: Uchambuzi wa Kisa cha Nikolai Kasatkin

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 1904, manowari za Japani zilizishambulia meli za kivita za Urusi zilizokuwa zimetia nanga katika bandari ya Port Arthur, kusini mwa Manchuria, na kufikia tarehe 10 vita vilikuwa vimekwisha kutangazwa rasmi. Balozi wa Urusi mjini Tokyo, Roman Rosen, alifungasha akaondoka pamoja na watumishi wake, na maslahi ya Urusi yakawekwa chini ya uangalizi wa ubalozi wa Ufaransa. Kwenye kilima cha Surugadai, hata hivyo, alibaki Mrusi mmoja mwenye umri wa miaka 67 ambaye mji mzima ulimjua: Nikolai Kasatkin, askofu wa Kanisa la Kiorthodoksi nchini Japani. Kanisa kuu lake, lililokamilika mwaka 1891, lilionekana kutoka mbali, na tangu siku za ujenzi wake wazalendo wakali walikuwa wakinung'unika kwamba jengo la wageni limeinuliwa mpaka linalitazama kasri la Mfalme kutoka juu. Sasa mwenye jengo hilo alikuwa raia wa taifa adui.

Swali la usalama wake lilikuwa zito, lakini liko swali jingine lililokuwa zito zaidi, nalo ndilo linalonifanya nikichambue kisa hiki. Katika ibada ya Kiorthodoksi, kumwombea mtawala wa nchi na majeshi yake ni sehemu ya liturjia yenyewe. Si jambo ambalo kasisi huliongeza au kuliacha kwa hiari yake. Kwa miaka mingi Nikolai alikuwa amemwombea Mfalme wa Japani kwa moyo mweupe, kwa kuwa nchi aliyozaliwa na nchi aliyoitumikia zilikuwa na amani. Vita vilipoanza, maneno yale yale yalipata uzito mwingine. Kuyaongoza madhabahuni kulikuwa ni kumwomba Mungu awaangushe ndugu zake mwenyewe. Kuyaondoa katika ibada kulikuwa ni kuwanyima Wakristo Wajapani haki ya kuiombea nchi yao, na kuwapa majirani zao ushahidi wa shutuma iliyokuwa ikienezwa, kwamba Waorthodoksi ni wapelelezi wa Urusi waliovaa misalaba. Kuondoka na balozi kungemponya askofu na kulivunja Kanisa.

Ili kuuelewa uamuzi alioufanya, inafaa kwanza kufahamu jinsi alivyokuwa ameishi.

Alizaliwa mwaka 1836 katika jimbo la Smolensk, akasoma katika Chuo cha Teolojia cha Saint Petersburg, na huko ndiko alikokuta tangazo la mwaka 1860 lililotafuta kasisi wa kuhudumu katika ubalozi mdogo wa Urusi mjini Hakodate, kaskazini mwa Japani. Aliweka nadhiri za utawa mwaka huo huo, akaivuka Siberia, akasubiri majira ya baridi yapite huko Nikolaevsk karibu na mdomo wa mto Amur, ambako askofu mzee Innokenti, mmisionari wa Alaska, alimpa mashauri. Alifika Hakodate mwaka 1861. Ukristo ulikuwa umepigwa marufuku Japani tangu mwanzoni mwa karne ya 17, na mbao za tangazo la marufuku hiyo zilikuwa bado zimesimikwa barabarani. Ziliondolewa mwaka 1873 tu. Kasisi wa ubalozi aliruhusiwa kuwahudumia Warusi wenzake, na basi.

Alichokifanya katika miaka ile ya kungoja ndicho kilichoamua mambo yote yaliyofuata. Alijifunza. Kwa takriban miaka minane alikaa na walimu Wajapani, akasoma lugha, historia, maandiko ya Kibuddha na ya Kikonfyushasi. Mmoja wa waliomfundisha kwa muda mfupi mwaka 1864 alikuwa kijana Niijima Jo, ambaye baadaye alitoroka kwenda Marekani na kurudi kuanzisha shule ya Kiprotestanti ya Doshisha mjini Kyoto. Mtu wa kwanza aliyemwamini naye hakutoka miongoni mwa wanyonge waliotafuta hifadhi: Sawabe Takuma alikuwa samurai mwenye asili ya Tosa, mwalimu wa upanga aliyeoa katika familia ya makuhani wa hekalu la Shinto, dini ya jadi ya Japani, mjini Hakodate, na alimwendea Nikolai akiwa na nia ya kumkabili, hata kumuua, kwa kuwa aliamini kwamba dini ya wageni ni utangulizi wa kuitwaa nchi. Nikolai alimuuliza anaihukumuje dini asiyoijua. Sawabe alikubali kusikiliza kwanza. Mwaka 1868 alibatizwa kwa siri pamoja na wenzake wawili kwa jina la Paulo, akafungwa gerezani mjini Sendai mwaka 1872 kwa ajili ya imani hiyo, na mwaka 1875 akapewa daraja, kasisi wa kwanza Mjapani wa Kanisa hilo. Naona ni muhimu kwamba shaka hii ya uzalendo ilikuwapo tangu siku ya kwanza kabisa. Nikolai hakushtukizwa nayo mwaka 1904, maana aliyekuwa wa kwanza kuingia kanisani aliingia akiwa nayo.

Mwaka 1872 alihamia Tokyo, na mwaka 1880, alipokuwa Urusi, aliwekwa wakfu kuwa askofu. Akarudi, na hakuiona tena nchi aliyozaliwa. Maisha yake ya kila siku pale Surugadai yalikuwa ya kawaida sana kwa mtu mwenye kanisa kuu kubwa kama lile: vyumba vidogo, kanzu zilizotiwa viraka, barua za makasisi na makatekista (walimu wa dini) wa mikoani, hesabu za fedha, ukaguzi wa seminari na shule ya wasichana, wageni wa kila namna. Jioni, saa kumi na mbili, aliingia Paulo Nakai Tsugumaro, mtu wa ukoo wa wanazuoni wa Kikonfyushasi waliokuwa wakiongoza chuo mashuhuri cha Osaka, na wawili hao wakafanya kazi ya kutafsiri hadi saa nne usiku. Watumishi walikuwa na amri ya kutomruhusu mtu kuingia saa hizo. Hivyo ndivyo lilivyopatikana Agano Jipya la Kijapani lililochapishwa mwaka 1901, na vitabu vingi vya ibada. Nikolai alishikilia kwamba tafsiri isiteremke mpaka mahali msomaji mvivu alipoketi. Muumini ndiye apande hadi kwenye andiko. Kwa sababu hiyo Kijapani chake ni kigumu, kina maneno mazito ya kale, na wapo waliokilaumu. Lakini kilikuwa ni Kijapani. Jumapili haikupita ambapo mkulima wa Sendai au mvuvi wa Hakodate alilazimika kumwomba Mungu kwa lugha ya Kirusi.

Jambo la pili linahusu watu. Wamisionari wa Kirusi waliotumwa kumsaidia walikuwa wachache, na wengi wao hawakudumu. Nikolai alilia juu ya hilo katika shajara zake, ambazo kwa miongo mingi zilidhaniwa kuwa ziliteketea katika tetemeko la ardhi la mwaka 1923 kabla ya kupatikana zikiwa salama katika hifadhi ya nyaraka mjini Leningrad. Hata hivyo uhaba huo ulizaa kitu ambacho pengine wingi wa wasaidizi ungekizuia. Makasisi karibu wote walikuwa Wajapani. Makatekista walikuwa Wajapani. Kila mwaka mkutano mkuu wa Kanisa ulikusanyika Tokyo kujadili kazi, na wenye kuzungumza walikuwa wao. Hata ikoni za makanisani, yaani picha takatifu, nyingi zilichorwa na mwanamke Mjapani, Yamashita Rin, ambaye Nikolai alimpeleka kusomea uchoraji Saint Petersburg kuanzia mwaka 1880.

Basi, kabla vita havijatangazwa lakini vikiwa tayari vinanukia, Wakristo wa Surugadai walimwomba abaki, naye akakubali kubaki. Balozi aliondoka bila yeye. Mara baada ya tangazo la vita aliandika barua kwa makasisi na waumini wote, na yaliyomo ndiyo kiini cha kisa hiki. Aliwaagiza wamwombee Mfalme wao na ushindi wa jeshi lao, na kumshukuru Mungu utakapopatikana, kama Wakristo wanavyopaswa kufanya popote nchi yao inapokuwa vitani. Aliwakumbusha kwamba Kristo mwenyewe aliulilia mji wa Yerusalemu, na kwa hiyo kuipenda nchi si kitu kigeni kwa mfuasi wake. Wanaokwenda vitani waende kwa sababu ya upendo kwa watu wao, wasiende kwa chuki dhidi ya adui. Kisha alijizungumzia yeye mwenyewe: kwa kuwa ni raia wa Urusi, hawezi kuomba ili nchi yake ishindwe, kwa hiyo, tangu siku hiyo hadi vita vitakapokwisha, hatashiriki ibada ya hadharani, na atakuwa na furaha kuwaona wao wakitimiza wajibu wao kwa nchi yao kama yeye anavyotaka kuutimiza wake.

Ninauona uamuzi huu kuwa mojawapo ya maamuzi ya kweli kabisa katika historia ya umisionari, na sababu zangu zinatokana na yale ambayo hakuyafanya. Hakudai kwamba mtu wa Mungu hana taifa. Lingekuwa jibu rahisi, na wengi wangelisifu, lakini lingekuwa uongo: shajara za wakati ule zinaonyesha mtu anayeumia kwa kila habari inayoletwa na magazeti, kuanguka kwa Port Arthur mwanzoni mwa Januari 1905, kushindwa kwa Warusi huko Mukden, Manchuria, mwezi Machi, kisha msiba wa Tsushima mwishoni mwa Mei ambapo kundi la meli za Urusi liliangamizwa. Aliwakasirikia watawala wa Urusi kwa ulegevu na majivuno yao, hasira ya mtu anayeona nyumba ya baba yake ikiungua. Wala hakuwataka Wajapani waombe sala ya jumla tu ya kutaka amani, ambayo ingemruhusu yeye kuendelea kusimama mbele yao bila aibu. Alitenganisha dhamiri yake na dhamiri zao. Akawaachia madhabahu, naye akakaa pembeni.

Na hapa ndipo maisha ya kila siku yanapoukuta uamuzi. Askofu anaweza kujiondoa madhabahuni kwa mwaka na nusu pale tu ambapo madhabahu hayamtegemei. Kama liturjia ingekuwa bado inaimbwa kwa Kislavoni, lugha ya kale ya ibada ya Kanisa la Urusi, kama makasisi wangekuwa wageni, kama katekista wa kijijini asingezoea kuamua jambo bila kungoja barua kutoka Tokyo, kunyamaza kwa Nikolai kungekuwa ni kulifunga Kanisa. Mambo hayakuwa hivyo. Ibada ziliendelea, watoto walibatizwa, waumini walioitwa jeshini waliombewa na makasisi wa lugha yao. Naye Nikolai, asiyeonekana tena akiongoza sala mbele ya watu, aliendelea na kazi yake ya jioni. Nakai aliendelea kuja. Mrusi mmoja na Mjapani mmoja waliketi meza moja wakitafuta maneno ya zaburi na tenzi huku majeshi ya nchi zao yakiuana huko Manchuria, na sijui ushahidi mwingine wa imani yake ulio mkubwa kuliko huo, kwa sababu haukufanywa mbele ya mtu yeyote.

Ikaja pia kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Mateka wa kivita wa Kirusi walianza kuletwa Japani, kambi ya kwanza ikafunguliwa Matsuyama katika kisiwa cha Shikoku, na kabla ya vita kwisha idadi yao ilizidi 70,000, wakiwa wametawanywa katika miji mingi. Walikuwamo Wakatoliki kutoka Polandi, Waislamu, Wayahudi, lakini walio wengi walikuwa Waorthodoksi. Nikolai hakwenda makambini yeye mwenyewe. Kanisa lake liliunda chama cha kuwafariji mateka, na wale vijana wa seminari waliofundishwa Kirusi kwa ajili ya kusoma teolojia wakawa sasa makasisi wanaoweza kusikiliza maungamo ya askari wa Kirusi aliyejeruhiwa, kumpa komunyo na kumzika. Yeye alikaa Tokyo akipokea na kujibu barua, akatuma vitabu, ikoni na misalaba. Tafakari hali ya kasisi huyo Mjapani: Jumapili asubuhi anaomba nchi yake ishinde, na mchana anamshika mkono adui anayekufa na kumwita ndugu katika Kristo. Barua ya Februari ilikuwa imemtayarisha kwa mambo yote mawili.

Serikali ya Japani iliruhusu huduma hiyo, na ilimlinda Nikolai mwenyewe kwa polisi. Ingekuwa kosa kuyaeleza haya yote kwa wema peke yake. Japani ya enzi ya Mfalme Meiji ilitaka kuonekana mbele ya Ulaya na Marekani kuwa taifa linaloheshimu Mkataba wa Hague wa mwaka 1899 kuhusu mateka, na iliogopa sana vita hivi visije vikatafsiriwa huko kuwa vita vya Wapagani dhidi ya Wakristo. Mwezi Mei 1904 ulifanyika Tokyo mkutano mkubwa wa viongozi wa Kibuddha, Kishinto na Kikristo wa kutangaza kwamba vita havikuwa vya dini wala vya rangi. Askofu wa Kirusi anayeishi salama katikati ya mji mkuu, na wafuasi wake wakiuombea ushindi wa Mfalme, alikuwa ni hoja hai kwa upande wa Japani. Alijua, nadhani, kwamba anatumiwa. Aliona kwamba kubaki na watu wake kulistahili gharama hiyo.

Umma haukuwa na subira kama ya serikali. Waumini walitukanwa na kutiliwa shaka katika vijiji na mitaa yao. Mapatano ya Portsmouth, yaliyomaliza vita, yalipotiwa saini tarehe 5 Septemba 1905 bila Japani kupata fidia ya fedha, ghasia zililipuka katika bustani ya Hibiya mjini Tokyo. Vituo vya polisi vilichomwa, makanisa kadhaa yalishambuliwa, na sheria ya kijeshi ikatangazwa. Kanisa kuu la Surugadai liliokolewa na askari wa Japani waliolizunguka. Mwaka uliofuata Kanisa la Urusi lilimpandisha Nikolai kuwa askofu mkuu. Alipofariki mwezi Februari 1912, baada ya kuendelea kutafsiri na Nakai hata akiwa mgonjwa hospitalini, Mfalme Meiji alituma maua kwenye mazishi yake. Waumini wakati huo walifikia takriban 33,000. Mwaka 1970 alitangazwa mtakatifu, na mwaka huo huo Kanisa la Japani likapewa kujitawala.

Pamoja na heshima yote ninayompa, ziko hoja mbili ambazo uchambuzi wa haki hauwezi kuzikwepa. Ya kwanza ni kwamba barua yake haikuuliza kama vita vyenyewe ni vya haki. Ilichukulia kwamba Mkristo huiombea nchi yake ushindi kwa kuwa ni nchi yake. Urusi na Japani zilikuwa zikigombea Korea na Manchuria, nchi ambazo hazikuwa za yeyote kati yao, na Mkorea aliyeisoma barua ile angekuwa na haki ya kuuliza Kristo aliyelilia Yerusalemu anasema nini juu ya Seoul. Uhusiano wa karibu kati ya kiti cha enzi na madhabahu, ambao Nikolai aliurithi kutoka Urusi, ulipandwa Japani pamoja na imani, na barua ya mwaka 1904 iliupa baraka. Sioni kwamba angeweza kuandika vingine bila kuwatosa waumini wake katika hatari kubwa. Hata hivyo pengo lipo.

Ya pili ni fedha. Nikolai aliwapa Wajapani lugha, makasisi na mkutano wa kuamua mambo, lakini mishahara na majengo viliendelea kutegemea michango ya Urusi kwa sehemu kubwa. Vita havikuukata mfereji huo moja kwa moja. Mapinduzi ya mwaka 1917 yaliukata. Kanisa lililoweza kuomba bila Mrusi madhabahuni lilikuta haliwezi kula bila Urusi, na miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki, kupunguza wafanyakazi na kuuza mali. Kanisa kuu lilipoporomoka katika tetemeko la mwaka 1923, aliyemrithi Nikolai, Sergius Tikhomirov, alilazimika kuzunguka kwa waumini wa Kijapani wenyewe kukusanya fedha za kulijenga upya, nalo likafunguliwa tena mwaka 1929.

Huyo Sergius ndiye anayeonyesha mipaka ya njia ya Nikolai. Mwaka 1940, chini ya sheria mpya ya mashirika ya kidini, dola ya kijeshi haikuvumilia tena kiongozi mgeni, hata aliye tayari kunyamaza, naye akalazimishwa kujiuzulu. Mwaka 1945 alikamatwa na polisi, na akafariki mwezi Agosti. Imani yake haikuwa pungufu kuliko ya mtangulizi wake, na alikuwa ameishi Japani zaidi ya miaka 30. Kilichobadilika kilikuwa nje yake. Serikali ya mwaka 1904 ilimwachia askofu nafasi ya kukaa pembeni kwa sababu ilikuwa na haja ya kuonekana imemwachia. Serikali ya mwaka 1940 haikuwa na haja hiyo. Makasisi Wajapani, ambao Nikolai aliwaachia madhabahu kwa hiari, safari hii walibaki nayo kwa amri, wakiwa peke yao, na bila barua ya mtu yeyote ya kuwaeleza wapi uaminifu kwa Mfalme unapaswa kukoma.